Kabla ya kununua koti la kupandia milima Nepal, pima damu

Siku hizi si ajabu tena kumsikia kijana wa Dar es Salaam au Arusha akisema anakwenda Nepal kutembea milimani. Wilfred Moshi, mwongoza wapandaji wa Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest mwaka 2012 akiwa Mtanzania wa kwanza, na tangu hapo mlima ule umeacha kuwa hadithi ya Wazungu peke yao. Wengi wanaokwenda hawafiki kileleni wala hawana nia hiyo. Wanaishia kambi ya chini, pale wapandaji wanapopiga mahema kabla ya kuanza kazi yenyewe. Ni safari ya miguu ya karibu wiki mbili kwenda na kurudi, haina kamba wala ngazi, na usiku unalala kwenye nyumba za wageni zenye chai ya moto. Ukisimuliwa hivyo unaona ni jambo jepesi. Lakini kambi hiyo iko mita 5,364 kutoka usawa wa bahari, na kila pumzi unayovuta pale inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa Kariakoo.

Wazazi huniuliza swali moja: “Dokta, mwanangu kanunua viatu, koti na begi la kulalia. Nimwongezee nini kwenye mzigo?” Jibu langu huwashangaza kidogo. Mwongezee majibu ya vipimo vya damu, halafu mwongezee siku.

Orodha za vitu vya kubeba zimejaa kila mahali, na nyingi ni nzuri. Tatizo lake ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka London au Chicago. Mtu huyo hatoki kwenye mbu wa malaria, mara nyingi hana kinasaba cha selimundu, na vifaa vya kupimia vimetengenezwa zaidi kwa ngozi yake. Wewe ni msafiri mwingine. Basi leo nitapita haraka kwenye yale unayoweza kuyasoma popote, nikae zaidi kwenye yanayotuhusu sisi.

Damu kwanza

Nianze na selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Wanaoumwa tunawafahamu, maana maumivu hayafichiki. Wasiofahamika ni wale wanaobeba kinasaba kimoja tu, kutoka kwa mzazi mmoja. Hao inakadiriwa ni kati ya watu 13 na 20 katika kila 100 hapa nchini, na wengi wao wataishi hadi uzee bila kuumwa chochote wala kujua.

Bila kujua, mpaka wapande mlima mrefu. Oksijeni ikipungua sana na mwili ukikaukiwa maji, chembe nyekundu za mtu mwenye kinasaba kimoja nazo zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Kiungo kinachoumia kwanza mara nyingi ni bandama, iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu. Dalili yake ni maumivu makali upande huo wa kushoto, wakati mwingine yakipanda hadi bega la kushoto, pamoja na kichefuchefu, kutapika na pengine homa. Mtu aliyezoea kusumbuliwa na vidonda vya tumbo atasema ni vidonda vimeamka, atameza dawa ya kupunguza asidi na kuendelea kupanda. Hapo ndipo sehemu ya bandama hufa.

Sisemi kwamba mwenye kinasaba kimoja asiende. Wapo wengi waliopanda Kilimanjaro wakashuka salama. Ninachosema ni kwamba lazima ajue, na mwenzake wa safari ajue, ili maumivu ya kushoto yakianza hakuna anayebishana: anakunywa maji, anashuka saa hiyo hiyo, na anamwambia daktari wa huko neno hilo kabla hajaulizwa. Daktari wa Nepal anaweza asilifikirie haraka kama daktari wa Mwanza. Kwa mwenye ugonjwa wenyewe, yaani vinasaba viwili, ushauri wangu hauna nafasi ya majadiliano. Safari hii si yake. Hata mita 2,500 zinaweza kumletea maumivu makali, sembuse 5,000.

Na hapa nawasemesha wazazi wenye mtoto anayeumwa sikoseli. Mara nyingi mtoto ndiye anayejulikana, na baba na mama wanajihesabu wazima. Mtoto alipokea kwenu nyote wawili. Kama wewe ndiye unayepanga safari ya mlimani, usiseme “mimi sijapimwa”. Kwa karibu kila familia ya aina hii, kipimo cha mtoto ni kipimo chako pia. Na ndugu zake wakubwa, hao wanaojisikia na nguvu za kwenda kupanda milima, wapimwe.

Kipimo hiki hakina ugumu. Ni damu kidogo, na kipo hospitali za rufaa na nyingi za binafsi. Omba kile kinachotenganisha aina za himoglobini, si kile cha kuonyesha tu ndiyo au hapana, kwa sababu unataka kujua kama ni kinasaba kimoja au viwili.

Wakati sindano imeshaingia, omba na wingi wa damu. Wanawake wengi tunatembea na upungufu wa damu tukidhani ni uchovu wa kazi. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Ukipanda mahali oksijeni ni nusu, huku wabebaji nao ni pungufu, umejipunja mara mbili. Upungufu wa madini ya chuma hautibiki kwa juma moja la vidonge. Ndiyo maana nawaambia watu waje miezi mitatu kabla ya safari, na wao huja siku nne kabla, na tiketi mkononi.

Kichwa kinauma: malaria au mlima?

Hili ni letu sisi kabisa. Mtanzania kichwa kikimuuma, akasikia uchovu, kichefuchefu na chakula hakipiti, anajua la kufanya. Ni malaria hiyo. Anatafuta dawa mseto. Sasa mpeleke mtu huyo kijiji cha Dingboche, mita 4,410, jioni, na dalili zile zile. Zile ndizo dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko, moja baada ya nyingine. Akimeza dawa ya malaria akalala, na asubuhi akaendelea kupanda kwa kuwa “dozi imeshaanza kufanya kazi”, anaweza kuwa anatembea kuelekea kifo.

Kanuni ni hii: juu ya mita 2,500, kichwa kinachouma pamoja na uchovu, kizunguzungu au kichefuchefu ni mlima mpaka ithibitishwe vingine. Hupandi tena siku hiyo. Unapumzika hapo hapo, na hali isipopata nafuu au ikizidi, unashuka.

Lakini malaria nayo usiisahau, maana vimelea ulivyoumwa navyo Kibaha vinaweza kujitokeza siku kumi au wiki mbili baadaye, ukiwa kwenye theluji. Homa kali yenye kutetemeka si kawaida ya ugonjwa wa mwinuko. Lala ndani ya chandarua wiki zote za mwisho kabla ya kuondoka. Ukipata homa kabla ya safari, pima, tibiwa umalize dozi, uahirishe ikibidi. Huko, ukipata homa, tamka mapema kwamba umetoka nchi yenye malaria. Vijiji vile vya juu havina malaria, na mtu wa pale hana sababu ya kuiwaza. Mimi huwashauri wabebe dozi moja kamili ya dawa mseto kwenye begi la mkononi, ya kutumiwa kwa agizo la daktari baada ya kipimo, si kwa kubahatisha.

Siku nazo ni mzigo wa kubeba

Niliposema mwongezee mwanao siku sikuwa natania. Kinachowaumiza watu milimani si urefu wenyewe, ni haraka. Mwili unaweza kuzoea hewa nyepesi, ila hauzoei kwa kulazimishwa.

Tuseme umeshapanda Kilimanjaro na cheti kiko ukutani. Hongera, lakini cheti hicho hakikulindi. Kuzoea hewa ya juu huisha ndani ya wiki chache baada ya kushuka, kwa hiyo ulichokipata Uhuru mwaka juzi hakipo tena. Tena safari hizi mbili hazifanani. Kilimanjaro kwa njia ya Marangu unalala Kibo, kama mita 4,700, unatoka usiku, unagusa mita 5,895, na mchana ule ule unashuka. Unaiba kilele na kukimbia. Nepal unalala huko juu. Lobuche ni mita 4,940, Gorak Shep ni 5,164, na kabla ya hapo umeshalala siku kadhaa juu ya mita 4,000. Hakuna kukimbia.

Kitu kimoja Kilimanjaro inakuambia kwa kweli: kama uliugua. Aliyetapika na kuyumba Horombo ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena Namche. Mwambie daktari. Usione haya, hakuna uhusiano na uanaume. Wanamichezo vijana ndio huugua sana, kwa sababu miguu yao ina nguvu ya kuwafikisha mahali ambapo damu yao haijafika. Mazoezi ni muhimu kwa magoti, moyo na pumzi. Anza wiki 12 kabla: ngazi, vilima vya Uluguru au Lushoto, na kwa aliye karibu na Arusha, Mlima Meru. Ila hakuna mazoezi yanayokinga ugonjwa wa mwinuko.

Kinga ni ratiba. Ukishapita mita 3,000, sehemu unayolala isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne uwe na siku ya kutopanda kulala juu zaidi. Mchana unaweza kupanda kilima ukarudi, hiyo inasaidia. Kwa njia ya kawaida inayoanzia uwanja wa ndege wa Lukla, ratiba ya heshima ina usiku wa kwanza Phakding, usiku mbili Namche Bazaar iliyo mita 3,440, mmoja Tengboche, mbili Dingboche, mmoja Lobuche na mmoja Gorak Shep. Hesabu: ni usiku nane kabla ya kugeuka. Mzazi unayelipia safari, ichukue ratiba ya kampuni uihesabu kwa kidole. Wakikuambia wamepunguza siku mbili ili bei iwe nafuu, wamepunguza mahali pabaya. Uliza pia nani mwenye uamuzi wa kumrudisha mtu chini, na aliyesimama njiani anabaki na nani. Mgonjwa wa mwinuko haachwi peke yake, hata kwa saa moja.

Wapagazi wa Kilimanjaro wana neno lao, “pole pole”. Halikubuniwa kwa ajili ya kufurahisha watalii.

Dalili mbili za kuamshana usiku

Ubongo unaweza kuvimba kwa kukosa oksijeni. Mtu anachanganyikiwa, anajibu ovyo, anakuwa mkali au mzubaifu kuliko kawaida yake, anayumba kama mlevi. Kipimo chake hakihitaji mashine: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya vidole vya mguu mwingine, hatua kumi. Asipoweza na wewe unaweza, anashushwa sasa.

Mapafu yanaweza kujaa maji. Anayehema sana akipanda ni kawaida. Anayehema akiwa ameketi si kawaida. Kikohozi, kifua kubana, kuchoka ghafla kuliko wenzake, midomo kubadilika rangi, na baadaye makohozi yenye povu la pinki. Mara nyingi huanza usiku wa pili baada ya kufika kimo kipya. Huyu naye anashushwa, ikiwezekana akibebwa ili asitumie nguvu, hata kama ni saa nane ya usiku na baridi ni kali. Kushuka mita 300 hadi 1,000 kunaweza kuokoa maisha kuliko dawa yoyote iliyo kwenye begi. Hakuna anayetakiwa kusubiri helikopta huku njia ya kushuka iko wazi.

Huko Khumbu si porini kabisa. Pheriche, mita 4,371, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association iliyoanza mwaka 1973, na katika msimu wa wasafiri madaktari wake hutoa somo la ugonjwa wa mwinuko mchana. Khunde, juu kidogo ya Namche, kuna hospitali iliyojengwa mwaka 1966 kwa juhudi za Edmund Hillary. Ziandike kwenye daftari lako kabla hujaondoka.

Vidonge

Dawa inayojulikana ni asetazolamaidi, ambayo waongoza watalii wa Moshi huiita Diamox. Inausaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Haifichi dalili, kama wengi wanavyodhani, lakini pia haikupi ruhusa ya kukimbia. Kipimo cha kawaida cha kuzuia kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa zaidi, vidole vitawasha kama sindano ndogo, na soda itapoteza ladha. Ijaribu siku mbili ukiwa nyumbani, si kwa mara ya kwanza ukiwa Lukla. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa, mjamzito na mwenye matatizo ya figo asiiguse bila daktari. Deksamethasoni na nifedipini ni dawa za dharura, na zina mahali pake. Nisingependa uzinunue duka la dawa kwa sababu umesoma jina lake hapa.

Dawa za usingizi na pombe ziache bondeni. Usiku wa kwanza huko juu utashtuka umekata pumzi kidogo halafu ukahema. Hilo huwatokea wengi na lenyewe si hatari, ila kidonge cha usingizi au pombe vinalifanya liwe hatari.

Sasa nyinyi wenye dawa za kila siku. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa anaweza kwenda, lakini aelewe kwamba presha hupanda kidogo huko juu. Kama anatumia dawa za kukojoza, azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza asetazolamaidi. Mwenye pumu abebe pampu mbili na aziweke ndani ya koti, karibu na mwili. Mwenye kisukari, insulini ikiganda imeharibika, basi mchana iwe mfukoni na usiku ilale nawe ndani ya begi la kulalia. Mashine ya kupima sukari nayo hukataa kazi ikipata baridi. Anayetumia ARV aseme kwa daktari majina kamili ya dawa zake, kwa sababu baadhi hazipatani na dawa za dharura za milimani. Saa ya Nepal iko mbele ya yetu kwa saa 2 na dakika 45, kwa hiyo dozi ya saa tatu usiku ya hapa ni karibu saa sita usiku ya kule. Panga mapema jinsi ya kuhamisha muda. Mjamzito abaki nyumbani, mlima haujengi wala haubomoki. Mwenye moyo unaosumbua au kifafa kisichotulia apate kibali cha daktari wake bingwa, kwa maandishi.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Begi lililopakiwa tumboni mwa ndege linaweza kupotea, na baridi ya huko inaweza kuigandisha insulini. Ongeza dozi za wiki moja zaidi ya safari, maana ndege za Lukla husimama siku kadhaa ukungu ukitanda. Na angalia unapopitia. Hatuna ndege ya moja kwa moja kwenda Kathmandu, wengi hupitia Doha au Dubai. Tramado na dawa zenye kodeini, ambazo hapa mtu hubeba kama peremende, katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni dawa zinazodhibitiwa na huhitaji kibali. Usizibebe kwa mazoea.

Begi lenyewe

Kwenye ndege ndogo za Lukla mzigo kwa kawaida hauzidi kilo 15, pamoja na wa mkononi. Kwa hiyo chagua.

Usinunue vyote vipya. Makoti mazuri ya manyoya ya ndege yanapatikana kwenye mitumba, soko la Memorial pale Moshi linajulikana kwa hilo, na mtaa wa Thamel mjini Kathmandu hukodisha mabegi ya kulalia na makoti. Kitu kimoja usikodishe wala usinunue wiki ya mwisho: viatu. Vivae miezi miwili kabla, sokoni na kazini, mpaka viujue mguu wako. Kata kucha za miguu. Kama jino linauma, likatibiwe kabla. Jino bovu huko juu ni mateso.

Vidole vinastahili pesa kuliko kifua. Uchunguzi uliofanywa kwenye majeshi ya Uingereza na Marekani ulionyesha askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Usione Mnepali anatembea na glovu nyepesi ukamwiga. Beba glovu jozi mbili, nyembamba za kuvaa ndani na nene za juu, soksi za sufu za akiba, na kofia ya kufunika masikio. Usiku wa Gorak Shep unaweza kushuka nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri. Vidole vikifa ganzi, vipashe kwapani au tumboni mwa mwenzako. Usivisugue, wala usivisogeze motoni.

Ngozi nyeusi nayo huungua, sikiliza vizuri. Theluji inarudisha jua usoni kutoka chini. Miwani ya jua iliyofunika pembeni ni ya lazima, na losheni ya kukinga jua usiiite ya Wazungu. Midomo ipake mafuta yenye kinga ya jua.

Vile vifaa vidogo vya kubana kidoleni vya kupima oksijeni vinauzwa kila duka sasa. Kibebe ukitaka, lakini ujue mambo mawili. Kwanza, huko juu asilimia 80 na kitu kwa mtu mzima asiyeumwa ni kawaida, usipigie simu nyumbani ukilia. Pili, na hili ni zito zaidi, kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Kama unaumwa na kifaa kinasema uko vizuri, ziamini dalili.

Maji: vidonge vya kusafishia maji, chupa isiyopasuka, na chumvi chumvi za ORS kwa ajili ya kuhara, ambako kuna uwezekano kukukuta. Sabuni, vitakasa mikono, karatasi za chooni. Kwa wanawake, taulo za kike za kutosha, kwani hedhi huweza kuvurugika ukiwa juu na duka liko mbali. Tochi ya kichwani. Chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini aina ya A uzipange mapema, ya kichaa cha mbwa uijadili na daktari, na kitabu cha njano cha chanjo kisikae nyumbani.

Bima. Soma maandishi madogo. Bima nyingi za safari huishia mita 3,000 au 4,000, unahitaji inayotaja mita 6,000 na uokoaji kwa helikopta. Na ukiwa na kichwa kinachouma kidogo tu, mtu akikushawishi kupanda helikopta haraka haraka, mpigie kwanza mwenye bima. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa aina hiyo.

Wanaotaka kwenda na watoto

Watoto huugua mwinuko kama watu wazima, tofauti ni kwamba mdogo hawezi kusema “kichwa kinaniuma”. Anakuwa mlizi, hataki kula, hachezi, halali. Ukiona hivyo huko juu, usiseme ana deko. Chukulia ni mlima, usimame au ushuke. Mtoto aliyetoka kuumwa mafua makali au kifua karibuni asipandishwe, mapafu yake yako tayari kujaa maji. Usimkatie kidonge chako, dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake. Kwa maoni yangu, asiyeweza kueleza anavyojisikia hana shughuli juu ya mita 3,000. Kathmandu na bonde lake kuna mengi ya kumwonyesha, ila asicheze na nyani wa mahekaluni.

Ukirudi nyumbani na ndani ya wiki tatu ukapata homa, pima malaria kama kawaida, hasa kama umeshaumwa na mbu wa hapa. Ikisoma hakuna, usiishie hapo. Mwambie daktari ulikuwa Nepal, kwa sababu homa ya matumbo ya kule mara nyingi haisikii siprofloksasini, na atahitaji kuchukua damu ya kuotesha kabla ya kukuandikia dawa.